Uliza Fundi: Kwadi si nduthi yenye tairi nne

Mwezi uliopita niliweka mstari mmoja tu pale chini ya ukurasa, ati mwenye kwadi (quad bike, ile ya tairi nne) na ako na swali atume, nikidhani nitapata watu wawili watatu wa kule Naivasha wenye za kukodisha watalii. Kumbe! Kwadi zimejaa huku kwetu, ziko kwa mashamba ya maziwa Njoro, ziko kwa mpunga Ahero, ziko kwa chai Nandi, na karibu zote zinatunzwa na fundi wa boda wa pale stegi venye anatunza nduthi. Hapo ndio shida inaanzia na mtanisikia nikirudia hayo maneno mpaka mchoke. Maswali nimeyafupisha, majina nimetoa, tuanze.

SWALI: Fundi habari ya kazi. Mimi ni mkulima hapa Njoro, niko na kwadi ya Mchina ya 250 nilinunua mpya, haijamaliza miaka miwili. Asubuhi inabeba mikebe ya maziwa mpaka barabarani, jioni inabeba nepia. Siku hizi ikipanda kile kilima cha kwa jirani inalia tu haiendi, na nyuma inatoa moshi wa bluu. Oili naongeza kila wiki. Na kubadilisha oili huwa nabadilisha kwa wakati, hapo usinilaumu. Hii kitu inakula nini? Mkulima, Njoro

JIBU: Mzee wangu, inakula vumbi. Kwa oili sikulaumu hata kidogo, lakini barua yako nimeisoma mara mbili na neno eya klina halimo hata mahali pamoja, na hapo ndio nilijua.

Angalia venye kwadi imeundwa. Nduthi ina tairi moja jembamba mbele, vumbi inalolitimua linabaki nyuma. Kwadi ina tairi pana mbili mbele ya injini zinachota vumbi na kulirusha juu, na wewe unatembea polepole juu ya maziwa yasimwagike, kwa hivyo mnalipumua lote, wewe na injini. Na vumbi la Nakuru si vumbi la mchezo. Ardhi yetu hii ni majivu ya volkeno, milima ilitapika kitambo sisi tukakuja kulima juu yake. Wale huenda Naivasha kuona Safari Rally tangu irudi kwa WRC mwaka wa 2021 wanaijua ile fesh-fesh, unga laini unaona gari la mamilioni linaingia ndani na kutoka dereva haoni mbele. Ukishuka Gilgil pale Kariandusi kuna machimbo ya diatomaiti, yale mawe meupe mepesi, ni mabaki ya vijimea vidogo vya ziwa la zamani, silika tupu, na moja ya kazi zake huko viwandani ni kung'arishia vyuma. Sasa wewe fikiria kitu cha kung'arishia chuma kimeingia kati ya pistoni na silinda, kinasugua maelfu ya mara kwa dakika. Ringi zinalika, oili inapenya inapanda juu inachomeka na petroli, na huo ndio moshi wako wa bluu. (Cha kuchekesha ni kwamba hio diatomaiti hio hio hutumika kuchujia vinywaji, lakini tuwachane na hayo.)

Kwa hii yako ya sai, kabla mtu yeyote hajaifungua ipimwe kompresheni, ile nguvu ya silinda kubana hewa, kwa geji, fundi mwenye akili anayo, ni kazi ya dakika chache. Kama iko chini, amwage oili kijiko kimoja kwa tundu la plagi apime tena, ikipanda basi ni ringi, isipopanda aangalie valvu. Usikubali mtu akuambie ati weka oili nzito moshi utaisha. Utaisha wiki mbili.

Halafu baada ya matengenezo, au wewe msomaji ambaye yako bado haijaanza moshi, fanya hivi. Toa kiti, nyingi boksi la eya klina liko hapo chini. Ndani utakuta sponji. Usiipigepige kwa ukuta kama kapeti, na usiipulize na kompresa, inachanika. Iogeshe kwa mafuta ya taa kwanza, petroli hapana, petroli inakula ile gundi ya kwenye viungo na pia inaweza kukuchoma ukiwa na sigara yako. Ukimaliza ioshe na maji ya vuguvugu yenye sabuni, suuza, kisha ikamue kwa kuifinya katikati ya viganja, usiisokote kama nguo ya kufua juu ikipasuka hata kidogo imekwisha kazi. Anika kivulini mpaka ikauke kabisa kabisa. Sasa ndio unaweka oili ya filta, na watu wengi hapa ndio wanaruka, wanarudisha sponji kavu. Sponji kavu haishiki vumbi, ina matundu ambayo fesh-fesh inapita ikiimba. Ni ile oili inayonata ndio inakamata. Ukikosa oili ya filta, gia oili ya 80 au 90 inasaidia, vitabu vya zamani vya Honda vilikuwa vinasema hivyo. Ifinyefinye mpaka rangi iwe sawa kote, kisha kamua ya ziada, ibaki kama andazi limetoka kwa karai, linang'aa lakini halidondoshi.

Kabla ya kurudisha, pitisha kidole kilichofungwa kitambaa cheupe ndani ya ule mrija wa kwenda kwa kabureta. Kitambaa kikitoka na mchanga wa kahawia, hata kama ni kidogo kama chumvi ya kunyunyizia yai, ujue filta inavuja pembeni. Pakaa grisi nyembamba kwenye ukingo mahali sponji inakalia ndio ifunge vizuri. Nawaambia hii nikijua uchungu wake. Mwaka wangu wa kwanza na kibanda niliosha sponji ya mteja ikatakata, nikairudisha, kumbe ukingo mmoja umejikunja ndani kama sikio la kitabu na mimi sikuangalia. Alirudi baada ya miezi mitatu na moshi kama wako, ringi nililipa na pesa yangu.

Mara ngapi? Kwa kazi yako ya kila siku, kiangazi itazame kila wiki, mvua kila wiki mbili tatu. Nunua sponji mbili, moja ikikauka ingine iko kazini, utaacha kutafuta sababu. Na chini ya lile boksi kuna kimrija kimezibwa, kichomoe uone kama kuna maji au tope, kikitoa kitu ujue sponji inakungoja.

SWALI: Niaje fundi. Nilitoa kwadi Diani, ya kabureta, ilikuwa ya kukodisha watalii kwa ufuo. Huko ilikuwa inaruka kama mbuzi. Kufika Nakuru imekuwa mzee ghafla. Plagi inatoka nyeusi kama makaa, nimeshabadilisha tatu, na nikijaribu kupanda Menengai ndio inakohoa kabisa. Makanika wawili wameniambia kabureta imekufa ninunue ingine. Kijana wa Milimani, Nakuru

JIBU: Usinunue. Kabureta yako haijakufa, imehama tu haijaambiwa.

Diani uko kando ya bahari. Nakuru mjini uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na pale juu kabisa Menengai ni mita 2,278. Hewa ya huku ni nyepesi. Kila injini ikivuta pumzi moja inapata hewa pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na pwani, na juu ya Menengai karibu sehemu moja kati ya tano. Lakini kabureta haijui hayo, ile jeti ndani ni tundu tu la shaba, inaendelea kumwaga petroli karibu ile ile ya Diani. Petroli nyingi hewa kidogo, ni jiko la makaa umelifunga mlango wa chini, litatoa moshi litakataa kuwaka. Ndio plagi inajaa masizi. Zile za kisasa zenye injeksheni zina sensa inapima hewa na kujirekebisha, kwa hivyo mwenye nayo asihangaike na jibu hili.

Anza na vitu vya bure. Hakikisha choki imerudi kabisa, ya kwadi iliyokaa chumvini mara nyingi imekwama nusu. Osha eya klina kama nilivyomwambia mzee wa Njoro, juu filta chafu nayo inaleta plagi nyeusi vile vile. Ikikataa bado, fungua kikombe cha kabureta, jeti kubwa ina nambari imechongwa, tuseme 105. Tafuta 100. Shuka hatua moja, iendeshe kwa nguvu dakika kadhaa, zima, chomoa plagi uone. Unataka rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani. Ukiona nyeupe umepitiliza, rudi. Jeti ni kitu kidogo bei yake haifiki karibu na kabureta, na hio ya 105 usitupe, ifunge kwa karatasi uweke ndani ya boksi la vifaa, juu siku ukiirudisha Diani na jeti ndogo itakuwa inakula hewa nyingi petroli kidogo, inapata joto, na joto hilo linatoboa pistoni. Kushuka Kisumu kutembea wikendi ni karibu mita 700 tu, sikiliza injini lakini usikose usingizi.

Kitu kingine hukuuliza. Kwadi ya ufuoni imeoga chumvi. Fungua soketi zote za waya uzipulize, angalia zile kijanikijani ndani, hio ni kutu ya shaba. Angalia mabomba ya breki na beringi za magurudumu. Ukiishika tairi juu na chini ukaisukuma ikagonga tok tok, beringi hazipo.

SWALI: Fundi, salamu kutoka Ahero. Nilivuka maji wiki jana ikiwa imefika kwa footrest, ni njia ya shamba mvua ilijaza. Ilivuka sawa. Sasa nikiongeza mafuta injini inapiga kelele lakini tairi hazizunguki vizuri, inateleza, na oili kwa kijiti inakaa kama chai ya maziwa. Breki ya nyuma nayo imeisha tu hivyo. Jirani ananiambia ni gia imevunjika. Ni ya belti. Mwenye mpunga, Ahero

JIBU: Omera, umeniletea magonjwa matatu kwa mgonjwa mmoja, na moja kati ya hayo ni la leo leo. Kabla ya kitu chochote, usiistati. Hio oili ya rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, na kila dakika unaizungusha hivyo beringi za injini zinasagika bila ulinzi.

Mwaga yote. Weka oili ya bei nafuu ya uzito ule ule, stati, iache dakika mbili tatu bila kupiga resi, mwaga tena ikiwa na joto. Itatoka bado na ukungu. Rudia, kwa kawaida mara mbili au tatu mpaka itoke safi, ndio sasa unaweka oili nzuri na filta mpya ya oili. Kama yako ina rejeta, angalia pia kama maji ya rejeta yanapungua wiki hizi, juu saa zingine maji ndani ya oili hayakuingia kwa mto, yanatoka kwa gasketi. (Watu wa Molo mnaoamka na baridi ile, mkiona kaukungu kadogo cheupe chini ya kifuniko cha oili tu na kwa kijiti oili iko safi, huo ni umande wa ndani kwa sababu mnaendesha mita mia tatu mnazima. Ipeni safari ndefu ipate moto.)

Sasa kule kuteleza. Gia haijavunjika. Ile belti inakaa ndani ya kava pembeni, na maji yameingia humo, belti iliyolowa ni kama kandambili kwa tope la Kano. Chini ya kava kuna kizibo, kitoe uone maji yakitoka, halafu ukishamaliza ile kazi ya oili, weka nyutro, stati, piga resi kidogokidogo dakika chache, upepo wa ndani unaikausha. Rudisha kizibo. Ikiendelea kuteleza ikiwa kavu, fungua kava uangalie belti kama imeng'aa pembeni au ina nyufa. Na uangalie kile kipitishio cha hewa cha kava, mrija mweusi unaopanda juu karibu na usukani, ukichomoka ndio maji yanapata mlango.

Breki ya nyuma, kama ni ya dramu, maji na tope jeusi limeingia ndani na limekaa humo linakauka kama saruji. Fungua, safisha, angalia shuu. Tope la Nyando ni la kushikana, mnalijua, likikauka kwa rejeta linaziba zile pezi mpaka injini inachemka na wewe unadhani ni themostati.

Na oili ya difu ya nyuma hujataja. Fungua kizibo chake uchungulie, juu nayo ina kipumulio chake na difu ya moto ikizama kwa maji baridi inavuta maji ndani. Ikiwa ya maziwa, mwaga, weka gia oili mpya. Kisha bunduki ya grisi, kila nipeli, vile vichuchu vidogo kwa mikono ya mbele na nyuma, sukuma mpaka grisi ya zamani itoke na maji yake. Nipeli zilizozibwa na tope zifute kwanza, ukisukuma bila kufuta unapeleka mchanga ndani.

Neno la mwisho kwako na kwa jamaa zangu wa Kisumu, ile mashine ya maji ya presha ya pale kwa kuoshea magari usiielekeze kwa beringi, kwa soketi za waya wala kwa pezi za rejeta. Unaona imetoka safi kumbe umesukuma tope ndani ambako halikuwa limefika. Osha na mpira wa kawaida na brashi. Na tafadhali si ndani ya ziwa, oili yako ile sisi ndio tunaila na samaki.

SWALI: Kwadi yangu inaruka ruka barabarani mpaka mgongo unauma, na usukani unavuta kushoto. Niliipeleka petroli stesheni wakaniwekea presha 30 kama ya nduthi. Nibadilishe shokabu? Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, shokabu ziko sawa, tairi ndio imekuwa jiwe. Tairi nyingi za kwadi zinataka kati ya 3 na 7 psi. Umesoma vizuri, tatu mpaka saba. Soma kibandiko kwa madigadi au kwa fremu, hicho ndio uamini kwanza. Tairi ya kwadi ni sehemu ya springi, imetengenezwa ijikunje, na ukiijaza 30 inakaa kwa ardhi sehemu ndogo ya katikati tu, haishiki, kwa kona inateleza, na inaweza kupasuka wakati mtu wa pancha ameinama juu yake. Ziko tairi zimechapishwa onyo kabisa ubavuni, tafuta hio nambari usiipite hata siku moja.

Geji ya petroli stesheni haiwezi kusoma 4, mshale hata hautingishiki. Nunua geji ya presha ndogo, inayoishia kama 15 hivi. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, na kushoto na kulia ziwe sawa kabisa, juu hapa tofauti ya 1 psi si ndogo kama kwa gari, ni robo ya hewa yote. Huko kuvuta kushoto kwako naweka pesa ni hio. Kama zimelingana na bado inavuta, chukua futi ya fundi nguo uzungushe kila tairi upime mzunguko, za nyuma hasa, kwadi nyingi za cheni zina ekseli moja nzima nyuma bila difu, tairi moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake zinapigana siku nzima. Kutoka hapo ndio uangalie tairodi, vile vyuma vinaunganisha usukani na magurudumu, shika gurudumu la mbele kushoto na kulia litingishe, likicheza bila usukani kusonga zimeisha.

SWALI: Cheni naipakaa oili chafu niliyomwaga kwa injini, si ni kuokoa pesa? Nandi Hills

JIBU: Unaipakaa mchanga wa chuma. Gia oili ya 90 inatosha, kidogo, kwa upande wa ndani, kisha futa ya juu. Cheni ikiwa na zile ringi ndogo za mpira kati ya viungo usiisafishe kwa petroli. Nafasi ya kucheza katikati soma kitabu cha mashine, nyingi ni milimita 25 mpaka 35, na kaza kila upande ukikumbuka kwamba cheni iliyokazwa sana ni mbaya kuliko iliyolegea. Meno ya sproketi yakishaanza kuinama kama pembe ya ng'ombe, badilisha zote mbili na cheni pamoja, ukiweka cheni mpya kwa sproketi za zamani umenunua cheni ya miezi michache.

SWALI: Fundi oili ya gari naweza kuweka? Niko na debe lote la gari. Na ni baada ya kilomita ngapi? Bungoma

JIBU: Kwadi nyingi klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini. Oili nyingi za magari madogo zina dawa ya kupunguza msuguano na klachi inaishi kwa msuguano, ndio itaanza kuteleza. Tafuta mkebe umeandikwa JASO MA au MA2, mara nyingi 10W-40 inafaa huku, hakikisha kwa kitabu. Debe lako wekea gari.

Kilomita zinadanganya, ndio maana kwadi nyingi zina mita ya masaa. Shamba lako linaweza kukupa kilomita nane kwa siku na injini imefanya kazi masaa matano. Mpya mwaga oili ya kwanza mapema, vitabu vingi vinasema kama masaa 20, utaona inang'aa ikimwagika, hio ni chuma ya vyuma kuzoeana. Baada ya hapo wengi wanasema masaa 100. Kwa vumbi na kubeba mizigo mimi nakata nusu.

SWALI: Habari fundi. Watoto wangu wawili huendesha kwadi likizo pekee, hapa nyumbani Gilgil. Kila likizo betri imekufa na haiwaki, fundi wa boda anaisukuma, anasafisha kabureta, analipwa, tunarudi hapo hapo. Pia huyu mkubwa, miaka 11, anataka kuendesha ya baba yake. Mama, Gilgil

JIBU: Mama, unamlipa huyo fundi mara tatu kwa mwaka kwa kitu kimoja, kukaa. Kwadi ikikaa ndio inaharibika zaidi.

Siku ya mwisho ya likizo, funga bomba la petroli, liko chini ya tangi, iache injini iendelee mpaka izime yenyewe, kabureta itabaki tupu. Petroli inayobaki humo miezi mitatu inageuka gundi ya njano inaziba jeti, ndio analipwa kusafisha. Tangi lijaze, likiwa nusu linashika kutu ndani. Betri toa waya wa hasi kwanza, iweke mahali pakavu, na kila mwezi uichaji kwa chaja ndogo. Ukiwa na mita, 12.6 volti imejaa, ikishuka 12.4 inaomba chaja, ukiiacha ikafika 11 mara kadhaa hairudi tena. Likizo ikija unaanza na waya wa chanya, kisha hasi, mwisho. Na fungua boksi la eya klina kabla ya kustati, huko kwenu panya wanapenda sponji, niliwahi kukuta kiota chenye watoto watano, wapinki, wamelala juu ya pamba waliyoitafuna wenyewe, na tundu la kidole gumba katikati.

Pia asubuhi ya kwanza, kaza nati za magurudumu zote kwa spana, na angalia ile nati kubwa ya katikati ina spliti pini, ile ya miguu miwili ya kuzuia nati isifunguke, imepindwa. Msumari si spliti pini. Nimeona msumari.

Sasa huyu wa miaka 11. Hapana, mama. Kwadi nyingi zina kibandiko cha umri na hio ya baba huenda imeandikwa 16, kibandiko si urembo. Mtoto hana uzito wa kuisawazisha, kwadi inageuzwa na mwili si usukani peke yake, na ikipinduka inamlalia. Yake ndogo karibu na kidole cha kuongeza mafuta kuna skrubu fupi yenye nati, ukiizungusha ndani inapunguza mwendo. Anza nayo ndani, helmeti imefungwa kamba, abiria hakuna, huyo mdogo asubiri zamu yake chini. Akilia ati rafiki yake huko Naivasha anaendesha ya 400, mwambie amlete huyo rafiki hapa kwangu tuone magoti yake.